Povu Juu ya Mrija

Katika miaka mingi niliyofanya kazi chini yake, Mkaguzi hakurudi kutoka mkutano wowote wa nje bila sabuni. Si sabuni ya dukani, bali vile vipande vidogo vya hoteli vilivyofungwa kwa karatasi, ambavyo wajumbe wengine huvitumia siku mbili na kuvisahau bafuni. Yeye alivikusanya. Alivipanga ndani ya mkoba wake, chini ya taarifa za mkutano, na sisi wasaidizi wake, tulipoufungua mkoba kutoa nyaraka, tulikutana na harufu ya waridi na limau katikati ya mambo ya ushuru wa forodha. Tulicheka. Tulisema mtu mzima wa cheo kile, mwenye nyumba mtaa wa Ngagara na watoto waliokwisha kusoma, anadokoa sabuni kama mwanafunzi wa bweni. Ilinichukua muda mrefu kujua sabuni zile zilikuwa za kazi gani, na nilipojua sikucheka tena.

Cheo chake kwa Kifaransa kilijaza mstari mzima wa barua. Maana yake ilikuwa nyepesi: kila faili ya biashara ya nje iliyopita katika idara yetu, iwe ya mbolea, ya matairi yaliyotumika, ya betri au ya dawa za kunyunyizia kahawa, ilipaswa kuambatana na ukurasa mmoja wa maoni juu ya madhara yake kwa maji, udongo na hewa ya nchi hii. Ukurasa huo aliuandika yeye. Makuli wa bandarini, wasiokuwa na subira na mistari mirefu, walimwita Mkaguzi, na jina hilo likapanda ngazi za ofisi mpaka kwa wakubwa.

Aliandika kwa penseli, kisha akapitisha wino juu ya maneno aliyoyaridhia. Chini ya kila ukurasa aliandika jina lake kamili, herufi kwa herufi, kabla ya sahihi. Nasi alitutaka tufanye vivyo hivyo. Ukimpelekea maoni yasiyo na jina aliyarudisha mezani pako bila kuyasoma. Hakugomba. Alisema tu, kwa Kiswahili chake cha Bujumbura kilichokuwa kimekaa vizuri kinywani kuliko Kifaransa chake cha ofisini: "Maoni yenye haina jina ni uvumi, Madame. Uvumi iko wa soko."

Aliniita Madame tangu siku ya kwanza, nilipokuwa binti asiyeolewa mwenye shahada mpya na viatu vilivyonibana. Sikuwahi kusikia akiniita kwa jina. Nilidhani ni baridi ya moyo. Baadaye nilitambua kwamba waandishi wa mashine na mama aliyefagia korido nao aliwaita Madame, na kwa sauti ileile.

Alikuwa na swali moja. Nimeketi nyuma yake katika mikutano ya kanda, pale ambapo nchi ndogo hupewa kiti karibu na mlango na nyaraka za Kifaransa huja siku ya mwisho, nikamsikia akiliuliza swali hilo kwa betri, kwa simu, kwa magunia ya plastiki, kwa magari yaliyokwisha kuchoka kwingine: "Kikifa, tutakizika wapi?" Wajumbe wa nchi kubwa walitabasamu. Wengine walianza kulitaja kabla hajafungua kinywa, na ukumbi ukacheka. Naye alicheka nao, kisha akaliuliza. Tulipotoka aliniambia: "Inchi ndogo haina nguvu ya kukataa, Madame. Iko na nguvu ya kuuliza tu. Sasa, we usipouliza ile swali vizuri, utabaki na nini?"

Sitaki kumchora kama mtakatifu, kwani hakuwa. Aliandika kurasa kali juu ya makaa na misitu inayoishia ndani ya magunia, na nyumbani kwake chakula kilipikwa kwa makaa, kama kwangu, kama kwa jirani zetu wote. Nilipomkumbusha alisema kwamba maoni yake hayakuwahi kuivisha maharagwe. Bandarini alikataa soda, alikataa kiti, alikataa hata mwavuli wakati wa mvua, lakini avokado alipokea, kwa hoja kwamba atapanda mbegu. Sikumwona akipanda. Alikuwa mgumu wa kusifu kiasi cha kuumiza. Nilirudia ripoti yangu ya kwanza mara sita na ya sita nikailia chooni. Katika miaka yote niliyomjua alinisifu mara mbili, na sifa ya kwanza ndiyo iliyotuharibia sote wawili.

Ilihusu friji. Friji za mtumba zilikuwa zikiingia kwa wingi kupitia ziwani, na nyingi zilikuwa na ile gesi ya zamani inayokula tabaka la juu linalotukinga na jua. Kuzikataa kabisa hatukuweza. Muuza samaki wa mtaa wa Buyenzi, muuza maziwa, zahanati ya kilimani, nani kati yao angenunua friji mpya? Tukatafuta njia ya kati: chombo kiingie, gesi isiingie, na hapa mjini mafundi wajaze gesi isiyo na madhara. Mkaguzi alinipa kazi ya kuandika kifungu. Aya yake mwenyewe ilikuwa na mistari minane. Nilikaa nayo wiki nzima, nikaifupisha mpaka ikawa sentensi moja: friji zilizotumika zitaruhusiwa kuingia nchini iwapo zitafika mpakani zikiwa hazina gesi ndani yake.

Aliisoma akiwa amesimama dirishani. "Fupi," alisema. "Nzuri." Akapitisha wino, akaandika jina lake, akatia sahihi.

Nilitembea hadi nyumbani siku hiyo kana kwamba nimepandishwa cheo. Mezani kwangu nilikuwa nimewaza kwamba gesi itatolewa huko, mahali fulani penye mashine na watu waliovaa glavu. Hilo la huko na mashine sikuliandika. Na swali lake, lile alilolipeleka kila ukumbi, halikuulizwa kwa gesi na yeye wala na mimi. Tuliuliza friji ikifa itazikwa wapi. Gesi hatukuifikiria kuwa kitu chenye mahali.

Miezi michache baada ya kanuni kuanza tulikwenda bandarini pamoja kuona inavyofanya kazi. Mzigo wa friji ulikuwa umeshushwa kwenye uwanja wa zege, na mbele yake alisimama mwenye mali, Hadji mmoja wa Buyenzi, mtu wa miraba minne mwenye kofia safi, aliyekuwa akiuza vyombo vya baridi tangu kabla mimi sijaanza shule. Alikuwa na furaha ya mtu aliyetii. Nyuma yake mafundi wake walipita kutoka friji hadi friji na koleo, wakikata mirija. Kila mrija uliokatwa ulitoa mlio mwembamba, mrefu, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno.

"Karibu, chef," alisema Hadji. "Karibu, Mama. Tumefata karatasi yenu neno kwa neno. Zile za mwisho njo hizi, tunamaliza sasa hivi. Saa mutapima, zote ziko vide, tupu."

Mkaguzi aliuliza, "Hadji, hizi zilitoka na gazi mpaka hapa?"

"Zilitoka nayo. Huko Ulaya kuitoa wanaomba pesa ya kununua frigo ingine. Karatasi inasema isivuke mpaka. Haijavuka. Tunaitoa hapa mbele ya mulango, bure kabisa."

"Na munaiweka wapi?"

Hadji alimtazama, kisha akanitazama mimi, akitafuta kama ni mzaha. "Kuiweka? Gazi inawekwaka wapi, chef? Inaenda." Akaonyesha juu kwa kidole, kwa adabu, kama mtu anayemwelekeza mgeni barabara. Kisha akaongeza kwa huzuni kidogo: "Nilizani mutanipa hata asante. Wengine walikuwa wanaingiza na gazi yote ndani, kwa wizi. Mi nimeheshimu serikali."

Na kweli alikuwa ameheshimu. Hapakuwa na kosa lake la kuandika. Kabla ya kanuni yetu, gesi ile ingebaki ndani ya mirija miaka kumi, pengine ishirini, ikivuja kidogo kidogo. Sasa iliachiliwa yote, mzigo baada ya mzigo, kwa amri ya sentensi yangu. Mkaguzi aliwaomba mafundi wasimame. Walisimama, lakini friji iliyokwisha kukatwa iliendelea kulia mpaka ikachoka yenyewe, na sisi sote, Hadji naye, tukaisikiliza hadi mwisho.

Alirudi ofisini kwa miguu. Nilimfuata hatua mbili nyuma.

Wiki iliyofuata tuliitwa kwa mkuu wa idara. Aliuliza ni nani aliyeandika kifungu kile. Nilikuwa nimeketi kushoto kwa Mkaguzi, rasimu yenye mwandiko wangu ikiwa ndani ya faili iliyokuwa magotini pake. Alisema, "Jina yangu njo iko chini yake." Hakunitazama. Nami nilikuwa na mdomo na nilikuwa na shahada, nikanyamaza. Katika jambo hili lote hicho ndicho ninachokikumbuka vizuri kuliko vyote: rangi ya zulia la ofisi ile, kwa sababu ndilo nililolitazama.

Kuirekebisha sentensi kulikuwa kazi ndogo: kuongeza kwamba gesi itolewe kwa mashine na kuhifadhiwa, na iseme wapi. Lakini ilikuwa imekwisha kusifiwa mahali pengine. Nchi za kanda zilipenda ufupi wake, zikainakili katika kiambatisho cha pamoja, na kilichonakiliwa na wote hakiwezi kubadilishwa na mmoja. Kila mkutano Mkaguzi aliomba iwekwe kwenye ajenda. Iliwekwa mwisho, chini ya mengineyo, na kabla ya kuifikia kulikuwa na ndege ya kuwahi au chakula cha mchana. Alirudi na sabuni. Mwaka uliofuata alikwenda tena. Nywele zake zilipata mvi katika kiti kile kilichokuwa karibu na mlango, na sauti yake ya kuuliza ikashuka, na wajumbe wapya hawakujua hata kwamba palikuwa na swali la kuchekewa. Alipostaafu, sentensi ilikuwa vilevile. Meza yake nikapewa mimi.

Nilikwenda kumtembelea Ngagara mara ya kwanza baada ya kustaafu kwake, na hapo ndipo nilipoiona friji. Ilikuwa imesimama sebuleni, kubwa, nyeupe iliyogeuka rangi ya meno, imegeuzwa ubavu ukutani ili mlango wake na mgongo wake vyote vifikiwe. Haikuwa imechomekwa kwenye umeme. Aliifungua kunipa nakala niliyokuwa nimeiomba, na ndani, kwenye rafu za mayai na nyama, zilikuwa kurasa zote za maoni ya maisha yake, kavu, salama dhidi ya mchwa.

"Motere ilikufa mwaka ule wa bandarini," alinieleza. "Lakini gazi iko ndani, ile ya zamani. Nikiiuza kwa watu wa vyuma watakata tiyo ya gazi. Mashine ya kuivuta hapa muji haiko. Basi nimeifunga hapa. Ni mufungwa wangu."

Mke wake alipita na beseni, mama mwenye ulimi mwepesi ambaye aliiona friji ile kama mke mwenza. "Usimusikilize, Mama. Frigo yetu iko kama mukubwa wa serikali: inasimama, inachukua nafasi, kazi haifanye. Siku mi nikikufa watanilaza inje, sababu hii salon iko na mwenyewe."

"Utalazwa ndani," alisema Mkaguzi. "Frigo njo itatoka kidogo."

"Unasikia? Kidogo."

Kisha nikaona sabuni zilikuwa za nini. Kila Jumamosi alasiri aliloweka kipande kimoja katika bakuli, akakivuruga mpaka kikatoa povu, akachukua brashi yake ya zamani ya kunyolea ndevu na kupaka povu kwenye kila kiungo cha mirija iliyokuwa mgongoni mwa friji. Ni kipimo cha mafundi wa Buyenzi: panapovuja, povu huvimba. Alisubiri amechuchumaa, miwani puani. Povu likitulia alisema, "Bado iko," na kuandika tarehe kwa penseli kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni. Alisema sabuni ya hoteli ina povu zito kuliko ya dukani. Sijui kama ni kweli.

Mwaka huu, kwa sababu nisizozielewa, kiambatisho cha kanda kilifunguliwa. Faili ilitua mezani pangu: kila nchi ilete maneno mapya ya kifungu, na maelezo ya kwa nini maneno ya awali yabadilishwe. Yalitakiwa Jumatatu. Mkuu wa idara wa sasa, kijana mwema kwa namna yake, alisimama mlangoni pangu siku ya Ijumaa. "Madame, hapa hakuna tatizo. Andika kwamba ni kosa ya yule wa mbele yako. Ameshastaafu, ni retraité, haitamugusa. Tukianza kutafuta mwingine, faili itarudi kwa waziri, tutapoteza session ya kanda."

Niliandika kama alivyotaka. Kisha niliandika karatasi ya pili, yenye maneno yaleyale ya kifungu, ila maelezo yake yalisema sentensi ya awali iliandikwa na mimi. Nikalala nikizifikiria zote mbili.

Jumamosi hapakuwa na mafuta mjini, kama ilivyokuwa wiki nzima, na foleni ya magari yasiyo na madereva ilianzia kituoni na kuzunguka kona. Nilikwenda Ngagara kwa miguu. Kwenye daraja la mto Ntahangwa nilisimama kupumzika, nikajiambia kwamba nina umri aliokuwa nao yeye siku ile ya bandarini. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi.

Alikuwa amepungua. Koti lilimtoka mabegani, na mkono wa kulia ulikuwa na mtetemo mdogo aliouficha kwa kuushika na wa kushoto. Mke wake alinikaribisha kwa chai ya tangawizi, akaweka bakuli la sabuni juu ya stuli, kwa kuwa saa ilikuwa imefika. Nilimpa Mkaguzi karatasi ya kwanza. Aliisoma polepole, mpaka chini.

"Ni nzuri," alisema. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya pili. "Mashine imetajwa. Mahali pa kuweka gazi pametajwa. Peleka."

"Muzee, imeandikwa kwamba kosa ni lako."

"Nimeona. Mi nina kazi gani ya kupoteza?"

Nikampa ya pili. Hii aliisoma mara mbili, kisha akaiweka juu ya ile ya kwanza, akazinyoosha kingo zake.

"Hii itachelewa, Madame. Watu watasema juu ya jina yako, na ile sentensi itakaa inangoja mukono wa waziri. Mi nimengoja, najua kungoja. Peleka ile ingine."

"Uliniambia maoni yasiyo na jina ni uvumi."

"Ile ingine iko na jina."

"Jina la uongo."

Alichuchumaa nyuma ya friji kwa kujishikilia ukutani, na mkono wake ulipotetemeka mno akanipa brashi. Nilipiga magoti kando yake. Nilipaka povu kiungo kwa kiungo kama nilivyomwona akifanya, na la mwisho lilikuwa kwenye ule mrija mfupi uliofungwa ncha, karibu na injini. Tukasubiri. Mke wake alisimama ameshika birika.

Kwenye ncha ya mrija povu lilivimba. Kipovu kimoja, kidogo kama punje ya ulezi, kikakua, kikang'aa, kikapasuka. Mahali pake pakaanza kingine.

Mkaguzi aliondoa miwani, akaipangusa kwa shati, akairudisha, akaangalia tena. Karatasi ya tarehe ilikuwa juu ya kichwa chake, imejaa pande zote mbili. "Lini?" mke wake aliuliza. Alisema hajui, labda wiki hii. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya ofisini. "Sasa unaona. Peleka ile ya kwanza, ya mbio."

Nilisimama. Magoti yangu yalikuwa yamelowa sabuni. Nilichukua kalamu kwenye mkoba, nikaweka karatasi ya pili juu ya friji, kwa kuwa hapakuwa na meza nyingine, na nikaandika jina langu kamili chini yake, herufi kwa herufi. Alinisikia nikiandika, kalamu inasikika juu ya bati.

"Ni gani?" aliuliza kutoka chini.

"Ya pili, Muzee. Jumatatu nitaipeleka mwenyewe, kwa mkono. Kesho yake nitarudi kuuliza imefika wapi, na kesho yake tena."

Nilipoinama kumtazama, alikuwa amebandika kidole gumba kwenye ncha ya mrija, kwa nguvu, mpaka ukucha ukawa mweupe, na povu lilikuwa likimtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Basi weka signature mbio, Madame," alisema. "Mi nashika hapa."